Mtungi wa Ikombe na Jioni ya Kimpumu

Mitungi hufika Lyulilo kabla ya wanywaji. Asubuhi ya Jumamosi mitumbwi inatokeza upande wa mashariki, ikiambaa na ufuko chini ya Milima ya Livingstone, na mzigo unaonekana kabla ya wapiga kasia: vyungu juu ya vyungu, vimetenganishwa kwa nyasi kavu visigongane njiani. Mtumbwi ukigusa mchanga, kina mama wanapokezana chombo kimoja kimoja, mkono hadi mkono, na kuvipanga ufukoni kwa ukubwa. Vidogo vya mboga vinakaa mbele, vya wali na maharage vinafuata, na nyuma kabisa inasimama mitungi yenye tumbo pana na shingo fupi. Hiyo ya nyuma ndiyo ya kimpumu, pombe ya ulezi.

Kijiji chenyewe kiko kilomita mbili hivi kutoka Matema, kwenye ncha ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, wilayani Kyela. Upande wa magharibi kuna uwanda wa mpunga, kakao, migomba na michikichi, ardhi iliyorutubishwa na mito ya Lufilyo, Mbaka na Kiwira inayoteremka kutoka nyanda za Rungwe. Upande wa mashariki uwanda unakwisha ghafla. Milima inaingia majini bila kuacha nafasi ya shamba la maana, na huko ndiko kwa Wakisi, kuanzia Ikombe na kuendelea na ufuko hadi pande za Ludewa. Asiye na shamba kubwa lakini mwenye udongo mzuri hula kwa mikono yake: kwa vizazi vingi vyungu vya Wakisi vimebadilishwa kwa nafaka na ndizi za Wanyakyusa wa uwandani, na soko la Lyulilo limekaa pale pale pande hizo mbili zinapogusana. Mwaka 1977 mwanaakiolojia Simon Waane alichapisha utafiti mrefu juu ya ufinyanzi wa Wakisi wa Ikombe, na mpaka leo kila anayeutaja ufinyanzi wa kusini mwa Tanzania hawezi kuwaruka wanawake hawa.

Nakusudia kuandika juu ya kinywaji. Nimeanza na chombo kwa sababu naamini kwamba jioni ya kuonja pombe kando ya Nyasa huamuliwa zaidi na mfinyanzi kuliko na mtu mwingine yeyote. Mpikaji atachagua ulezi wake, mwenye nyumba atachagua wageni na vitafunio, lakini kinywaji kitakaa siku kadhaa ndani ya ukuta wa udongo ambao mwanamke mmoja wa Ikombe aliuwekea unene, umbo na ngozi kwa vidole vyake. Sifa zetu huwa zinamfikia mpikaji. Mfinyanzi huwa ameshapanda mtumbwi na kurudi kwake.

Mtazame mnunuzi mzoefu anavyochagua. Anasalimia kwanza, "Mugonile, mama," na hataji bei mpaka salamu ziishe. Kisha anauinua mtungi kwa mkono mmoja akiushika mdomoni, mkono wa pili chini ya tako, na kuupiga kwa kifundo cha kidole. Mtungi mzima unalia mlio mrefu, mkavu. Wenye ufa, hata ufa usioonekana, unajibu kwa sauti butu inayokatika. Baada ya hapo anaugeuza mdomo juani na kuchungulia ndani kama kuna tundu la mwanga. Mwisho anapitisha kiganja tumboni mwa chombo, polepole, akizunguka. Hapo anatafuta kitu ambacho jicho halikioni: ukuta uwe na unene ule ule pande zote. Ukuta wenye sehemu nene na sehemu nyembamba utapashwa moto kwa kupishana, sehemu moja itatanuka kabla ya nyingine, na siku yoyote utapasuka jikoni na pombe itamwagika mafigani.

Kuupata unene huo bila gurudumu la mfinyanzi ni jambo la kustaajabisha, na nimekaa nikilitazama nikisahau mengine yote. Udongo ukishachimbwa huokotwa mawe na mizizi, hulowekwa, hukandwa mpaka utii. Ukiwa laini kupita kiasi utapasuka ukikauka. Ukiwa na mchanga mwingi hautashikana. Mfinyanzi anajua uwiano kwa kuuminya kati ya dole gumba na kidole cha shahada. Kisha bonge linafunguliwa katikati na ukuta unaanza kupanda. Mkono mmoja uko ndani, mwingine uko nje, na kazi yote iko kati ya mikono hiyo miwili: wa ndani unasukuma, wa nje unazuia, na ukuta unapanda ukipungua unene huku duara likibaki duara. Ama chombo kinageuzwa kidogo kidogo, ama yeye mwenyewe anakizunguka akiwa ameinama. Hana kipimo cha mti wala kamba. Akimaliza mtungi wa kwanza na kuanza wa pili, wa pili utatoka sawa na wa kwanza, na ukiiweka pamoja utaidhani pacha.

Sehemu ngumu kuliko zote ni bega, pale tumbo linapogeuka kuelekea shingo. Udongo mbichi una uzito, na bega linataka kuanguka ndani. Kwa hiyo kazi husimama. Chombo kinaachwa kivulini kishike nguvu kidogo, kisikauke, na mfinyanzi anashughulika na kingine. Nani alimwambia ni muda gani? Siku ya upepo ni mfupi, siku ya mawingu ya masika ni mrefu. Akiwahi, bega litazama. Akichelewa, udongo mpya hautashikana na wa zamani na ufa utatokea hapo hapo, ule ufa wa sauti butu. Nikiulizwa ufundi ni nini, nitalionesha bega la mtungi wa Ikombe.

Ukishakauka kiasi, ukuta husuguliwa kwa kokoto laini ya ziwani. Watu wengi hudhani msuguo huo ni urembo tu, na kweli chombo kinang'aa, na rangi ya udongo mwekundu na michoro myeupe hukifanya kitambulike popote, Mbeya mjini hata Dar es Salaam. Lakini kokoto inafanya kazi nyingine. Inazilaza chembe za udongo zikae bapa na kubanana, na vitundu vya ukutani vinapungua. Mtungi wa maji unahitaji kuvuja jasho kidogo, kwa kuwa maji yanayokauka juu ya ngozi yake ndiyo yanayopoza yaliyomo. Mtungi wa pombe ya moto unahitaji ngozi iliyofungana zaidi. Mkono unaosugua unajua unasugua kwa ajili ya nini.

Halafu moto. Vyungu vinachomwa mahali pa wazi, vikifunikwa kwa kuni na nyasi, na joto la moto wa namna hiyo hufika nyuzi 600 hadi 900 hivi za Selsiasi. Chini ya 500 udongo ungebaki udongo. Ungeutia maji ukarudi matope. Juu ya hapo unabadilika moja kwa moja na haurudi tena. Moto wa wazi hauna mlango wa kufunga wala kipimajoto, na upepo wa ziwani unaweza kuugeuza upande mmoja ukawaka kuliko mwingine. Ndiyo maana vyungu vingine vina baka jeusi mahali kuni ilipolala. Mimi nayapenda mabaka hayo na huchagua mtungi wenye moja, kwa kuwa linaonesha mahali moto ulipogusa. Wanunuzi wengine hawalitaki, na muuzaji huligeuza lielekee nyuma.

Chombo kikifika nyumbani bado hakiko tayari. Kina vitundu, na pombe ikimiminwa humo siku hiyo hiyo nyingine itaishia ukutani. Kwa hiyo kinaanzishwa kwa uji mwepesi. Uji unachemshwa taratibu ndani yake, unaachwa upoe, na wanga wake unaziba vitundu kutoka ndani. Wengine hurudia. Baada ya hapo chombo hakibadilishiwi kazi: cha samaki ni cha samaki, cha pombe ni cha pombe, na mwanamke atagomba na mtu yeyote atakayechota maji ya kuoshea kwa mtungi wake wa kimpumu.

Wanaopenda mvinyo ulimwenguni wameanza kuyarudia mambo haya kwa heshima kubwa. Huko Georgia, nchi ya milima ya Kaukazi, zabibu huchachukia ndani ya mitungi mikubwa ya udongo iliyozikwa ardhini, na mwaka 2013 UNESCO iliuingiza ufundi huo katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Vigae vilivyochimbuliwa huko vimeonesha dalili za mvinyo wa miaka kama 8,000 iliyopita. Watengenezaji wa mvinyo wa Ulaya, waliokuwa wamehamia kwenye mapipa ya mti na matangi ya chuma, sasa wananunua tena mitungi ya udongo kwa bei kubwa. Nafurahi kusoma habari hizo. Ningefurahi zaidi kama mtu mmoja katika maonesho yetu ya vinywaji angeuweka mtungi wa Ikombe mezani na kumtaja aliyeufinyanga.

Sasa ulezi. Uwanda wa Kyela ni nchi ya mpunga, kwa hiyo ulezi wa kimpumu aghalabu hushuka kutoka nyanda za juu, na Ufipa ni moja ya nchi zake kubwa. Ni nafaka ndogo sana, punje yake haifiki milimita mbili, lakini kwa kazi ya pombe mahindi hayaufikii hata kidogo. Sababu iko kwenye kimea. Ulezi ukilowekwa na kufunikwa, unachipua kwa nguvu na kutoa kwa wingi vile vimeng'enya vinavyougeuza wanga kuwa sukari. Na ganda lake jekundu lina uchungu unaozuia ukungu, kwa hiyo unaweza kuuchipusha kwenye joto la ziwani bila kuuozesha.

Kuchipusha huko ni ufundi unaotaka mtu wa kuamka usiku. Ulezi unakaa majini kama siku moja, unachujwa, unafunikwa kwa majani ya mgomba au gunia lenye unyevu. Rundo linaanza kupata joto lenyewe. Mpikaji anaingiza mkono mpaka katikati ya rundo, akihisi. Likizidi joto anautandaza na kunyunyiza maji. Likipoa anaufunika tena. Siku ya pili au ya tatu punje zinatoa vijizizi vyeupe na zinaanza kushikana, na ukinyanyua kipande kinainuka chote pamoja, kina harufu ya tango bichi. Hapo hapo lazima azuie. Akiuacha uendelee, mche utakula sukari ambayo yeye anaitaka. Ulezi unaanikwa juani, vijizizi vinasuguliwa na kupepetwa, na kinachobaki ni kimea, kitamu ukikitafuna.

Kila mpikaji ana njia yake kuanzia hapo, na hawapendi kuulizwa sana. Mifupa ya kazi ni kwamba unga wa ulezi unachachushwa kwanza mpaka upate ukali, unaivishwa kwa moto, kisha unarudishiwa kimea na kuachwa uchachuke tena ndani ya chombo, safari hii kwa ajili ya kilevi. Hatua ya kwanza ni ya uchachu, ya pili ni ya pombe. Ya kwanza inailinda ya pili, kwa sababu vijidudu vingi viharibifu haviwezi kuishi mahali palipokwisha kuwa pachachu. Mpikaji akiinama juu ya mtungi siku ya mwisho, anasikiliza. Kuna mchemko mdogo wa mapovu yanayopasuka, na mchemko huo ukianza kupungua, wageni wanaweza kuitwa.

Kinachotoka mtungini ni uji mzito wa rangi ya kahawia, uliojaa machicha, ambao hautakiwi kuchujwa. Kimpumu hunywewa kwa mrija, na maji ya moto huongezwa juu yake. Hapa ndipo kinywaji hiki kinapojitenga na ndugu zake. Mbege ya Wachagga, yenye ndizi, kimea cha ulezi na uchungu wa gome la msesewe, huchotwa kwa kata na kunywewa baridi. Ulanzi wa Njombe na Iringa unatoka mwanzini ukiwa umekwisha kuchacha. Kimpumu kinatengenezwa mara ya mwisho mbele ya mnywaji. Maji ya moto yanapomiminwa, harufu inapanda mara moja: mkate uliokaushwa, majani makavu, uchachu wa mbali. Kilevi na sukari vilivyokuwa vimelala ndani ya machicha vinayeyukia kwenye maji, na mrija unavivuta kutoka chini, mahali penye joto.

Maji ya kwanza yana nguvu na ukali, na mpikaji huyaonja yeye kwanza mbele ya watu. Ya pili, kwa ladha yangu, ndiyo bora kuliko yote. Uchachu umelegea, utamu wa kimea umejitokeza, na machicha yameshatulia chini. Ya tatu ni ya mazungumzo. Baada ya hapo unakunywa joto tu. Mtu anayejua hausogezi mrija wake ovyo. Anautia mpaka karibu na chini, anauacha hapo, na anavuta taratibu. Akiukoroga, machicha yataziba mirija ya wenzake na watamtazama.

Ufundi huu una majirani wengi. Wateso wa Uganda na wa magharibi mwa Kenya hunywa ajono ya ulezi kwa mirija mirefu na maji ya moto vivyo hivyo, na mijini Uganda inaitwa malwa. Kusini-magharibi, Wabemba wa Zambia wana katata. Na michoro ya kale ya Mesopotamia inaonesha watu wamekaa kuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake. Hakuna haja ya kudai nani alimfundisha nani. Popote watu walipokuwa na nafaka, chombo cha udongo na hamu ya kukaa pamoja, mrija ulikuwa jibu zuri.

Wanaanthropolojia Godfrey na Monica Wilson walifanya utafiti wao Unyakyusa katika miaka ya 1930, na kitabu cha Monica cha mwaka 1951 juu ya vijiji vya marika kinaeleza kwa upendo jinsi wanaume walivyothamini kula, kunywa na kuzungumza pamoja na wenzao wa rika moja. Nakiheshimu kitabu hicho. Hata hivyo, nikikisoma huwa natamani kamera ingegeuzwa kidogo kutoka kwa waliokaa kuelekea kwa waliokuwa jikoni, na kutoka jikoni kuelekea Ikombe.

Vitafunio vya jioni kama hii vinatoka ndani ya hatua mia chache. Mwisho wa mwaka, watu wa Kyela waliotawanyika mijini wanaporudi kula sikukuu, meza inakuwa kubwa zaidi, lakini msingi ni ule ule. Cha kwanza ni usipa, samaki mdogo wa fedha anayevuliwa usiku kwa taa. Akikaushwa na kukaangwa bila mafuta mengi, mgumu kidogo, mwenye chumvi, analiwa mzima na kichwa chake. Ana mafuta na uchungu mdogo wa tumboni. Maji ya pili ya kimpumu yanayakata mafuta hayo, na uchungu wa usipa unaufanya utamu wa kimea uonekane mara mbili. Sijaona kinywaji na kitafunio kinachooana kuliko hivi viwili.

Cha pili wageni hukiogopa. Kuna majira ambapo wadudu wadogo wa ziwani hupanda kutoka majini kwa mamilioni, na ukiwa ufukoni unaona nguzo za moshi mweusi zikitembea juu ya ziwa, moshi usio na moto. Ni kungu. Upepo ukiwaleta nchi kavu watu huwanasa kwa vikapu, huwaponda na kuwaoka kuwa mikate myeusi. David Livingstone, aliyefika ziwani mwaka 1859, aliandika habari zao. Kipande chembamba cha mkate wa kungu kina chumvi ya asili na ladha nzito ya samaki na udongo, na kinataka kinywaji chenye ukali: hapo mpe maji ya kwanza. Ya tatu yatashindwa.

Ndizi zinakuja kwa namna mbili. Mbalaga, ndizi mbichi zilizomenywa na kupikwa, ni chakula zaidi kuliko kitafunio, na nadhani zinakifanya kinywaji kilale. Ndizi ya kuchoma juu ya makaa, iliyopakwa mawese, inafaa zaidi. Ngozi yake iliyoungua inakutana na ule mkate uliokaushwa wa ulezi. Lakini kama nikilazimishwa kuchagua kimoja cha wanga, nitachukua ukoko. Mchele wa Kyela unajulikana nchi nzima kwa harufu yake, na ukipikwa ndani ya chungu cha Ikombe juu ya moto wa kuni unaoachwa ufe wenyewe, chini unajengeka ukoko wa rangi ya dhahabu, mnene, unaobanduka vipande vipande. Sufuria hutoa ukoko uliounguzwa katikati na mbichi pembeni. Chungu kinaueneza moto, na ukoko unatoka sawasawa kote. Ni mkono ule ule wa mfinyanzi, umefika mpaka kwenye sahani.

Vinywaji vingine navyo vina nafasi yao mezani, na sioni sababu ya wivu. Wakati wa mvua ulanzi unapatikana kutoka upande wa pili wa milima. Mgema hukata ncha ya chipukizi la mwanzi, akalikata upya asubuhi na jioni, na utomvu unadondokea kwenye mbeta, chombo cha kuukingia. Ulanzi mtogwa, ule mchanga, ni mtamu na mwepesi. Ulanzi mkangafu ni mkali na haumsubiri mtu. Huo mchanga unapendeza na karanga za kuchoma, na hauwezi safari ndefu, kwa sababu uchachu haulali. Divai ya Dodoma nayo inafika Matema siku hizi kwenye chupa. Mizabibu ya Dodoma, iliyoanza na wamisionari wa Kiitaliano wa Bihawana katika miaka ya 1950, ina baraka isiyopatikana Ufaransa wala Italia: inavunwa mara mbili kwa mwaka. Divai nyeupe kavu ya huko, ikipozwa vizuri, inamfaa mbasa wa kuchoma. Mbasa ni samaki wa heshima wa Nyasa, mrefu, mweupe, anayepanda mitoni kutaga wakati wa mvua. Amepungua, na anayemla leo amle kwa adabu na asimtafute wakati wa kutaga. Divai nyekundu iende na kitimoto. Asiyekunywa kilevi, na Kyela wako wengi, ana togwa baridi kutoka mtungi wa pembeni, na kwa usipa wa kukaanga hapungukiwi na kitu.

Utamu wa mwisho unatoka shambani. Kyela ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania, na tunda likipasuliwa, mbegu zimefunikwa na utando mweupe wenye utamu na uchachu pamoja. Watoto huzifyonza mbegu moja moja. Kisha mbegu hurundikwa na kufunikwa kwa majani ya mgomba, zivumbikwe kwa siku tano au zaidi, zipate joto, zigeuzwe, zianikwe. Mikono inayojua rundo la kimea inalijua pia rundo la kakao, na sidhani kama ni bahati kwamba kazi hizo zote mbili zinastawi kwenye nyumba zile zile.

Kuna jambo linalonitia wasiwasi na nitalisema wazi. Sehemu nyingi kimpumu sasa kinachachushwa ndani ya ndoo na madumu ya plastiki. Ndoo haivunjiki, ni nyepesi, na inapatikana kila duka. Simlaumu mama anayeuza pombe kwa kuichagua. Lakini plastiki inashika harufu ya kila kilichopita ndani yake, na maji ya moto yanaiamsha harufu hiyo pamoja na ya plastiki yenyewe. Mtungi uliozoea pombe unafanya kinyume. Katika vitundu vyake vya ndani hubaki hamira ya mapishi yaliyopita, na pishi jipya likitiwa linaanza kazi mapema, bila kubabaisha. Baada ya miaka, mtungi unakuwa na tabia yake, na familia inajua kwamba kimpumu cha mtungi wa bibi kina ladha ambayo mtungi mwingine hautoi. Bei ya mtungi huo ufukoni Lyulilo, ukifikiria udongo uliochimbwa, siku za kusubiri bega, kuni na safari ya mtumbwi ambayo upepo wa mwera unaweza kuigeuza kuwa ya hatari, bado ni ndogo mno. Anayebishania shilingi za mwisho pale mchangani angekaa kwanza siku moja na mfinyanzi.

Jioni ikiisha, machicha huenda kwa nguruwe na kuku. Mtungi unasuuzwa kwa maji ya ziwa na kusuguliwa ndani kwa kitambaa au majani, bila sabuni hata tone, kwa maana sabuni ingeingia ukutani na kuua kile kilicholelewa humo kwa miaka. Unageuzwa mdomo chini juu ya mawe matatu ili hewa ipite. Mara nyingi haukai hapo muda mrefu: kuna harusi kwa jirani, mtungi wao umepata ufa, na mtoto ameshatumwa kuja kuazima.